Wageni wa Kumush-Bulak

Ukungu uliteremka ziwani Jumanne jioni, na mpaka Alhamisi asubuhi ulikuwa haujabanduka. Kapteni Anarkul Sydykova wa polisi alisimama kwenye ncha ya gati la mbao, akatazama mahali ambapo ziwa Issyk-Kul lilipaswa kuwepo. Hakuona maji wala milima. Palikuwa na weupe mtupu, na chini ya miguu yake kitu kilichogusa nguzo za gati polepole, kikaacha, kikagusa tena.

"Kitambaa kilifungwa hapa," alisema Sajini Dooronbek, akiweka kiganja juu ya ukingo uliokuwa ukidondosha maji. "Mtunza bustani kakiona saa moja asubuhi hii. Kakimbia mpaka jikoni, anasema mama wa watu kajitosa."

"Alimwona akijitosa?"

"Amwone wapi, Kapteni? Mimi mwenyewe tangu jana natafuta kijiko mezani kwa kupapasa."

Anarkul alicheka kwa pua. Dooronbek alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na tangu aanze kuihesabu hakuna kilichomtisha tena. Kikazi alikuwa chini yake, lakini kwa umri alikuwa kaka mkubwa, na Anarkul alimwita hivyo, baike, hata mbele ya wakuu wao.

"Lete, baike."

Kitambaa hicho cha kichwani kilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi. Sufu ya kijani, maua mekundu pembeni, fundo moja. Kilikuwa cha Burulkan Mambetova, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mfasiri wa kamati ya bunge iliyokuja hapa kupigia kura muswada wa kasino. Jumanne jioni alikula na wenzake katika sanatoria ya Kumush-Bulak, nyumba ya tiba na mapumziko kando ya ziwa. Jumatano asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa, na koti na kitambaa havipo. Watu walitembea ufukweni kutwa wakimwita kwa jina.

Anarkul hakulifungua fundo. Alipenyeza kidole katikati yake.

"Hebu weka chako."

Dooronbek akaweka. "Pakavu."

"Koti langu limelowa, na nimesimama hapa robo saa tu. Kitambaa kilichokaa hapa tangu Jumanne, ndani ya fundo pangekuwaje?"

"Ungekikamua ukajaza birika."

"Kimefungwa leo alfajiri. Aliyekifunga amekitoa kabatini, hakukitoa ziwani."

Sajini aligeuka kutazama kule lilikokuwa jengo. Madirisha matatu ya manjano yalielea hewani bila ukuta. "Kwa hiyo mama yupo ndani?"

"Aliyefunga fundo yupo ndani. Mama sijui."

Sanatoria ilijengwa zamani kwa watu elfu moja. Mwisho huu wa vuli ilikuwa na wagonjwa arobaini, na katika mabawa yake manne ni moja tu lililokuwa na joto. Wagonjwa walipita koridoni na kanzu za kuogea na malapa ya kijivu, wakinuka tope la dawa, hawasikiki wanapokanyaga. Walimwitikia Anarkul kwa kichwa kana kwamba walimfahamu, kisha ukungu wa mvuke uliotoka mabafuni ukawameza.

Mwenyekiti wa kamati, Jyrgalbek Orozaliev, alikuwa chumba cha chakula, amekaa peke yake mbele ya bakuli la jemu ya aprikoti. Kofia yake nyeupe ya kalpak ilikuwa juu ya kiti cha jirani kama mgeni wa pili.

"Kaa, binti. Kunywa chai, uso umekuwa wa bluu." Akammiminia. "Unajua nimezunguka vijiji vingapi na muswada huu? Miaka mitatu. Na kila nilikokwenda, kina mama wananiuliza swali lilelile: watoto wetu wataingia humo? Wanakumbuka, si unajua. Kasino zilipofungwa nchi nzima, walikuwa wameshazika watu."

"Nawe unawajibu nini?"

"Nawaambia hapana. Mlangoni pasipoti. Ni ya raia wa nchi za nje tu. Aje, acheze, aache kodi, aende kwao. Hapo ndipo wanapoinamisha kichwa na kusema haya. Kifungu cha tatu, binti. Kifungu hicho ndicho kinachoshika paa."

"Na Burulkan eje?" Anarkul alimtaja kwa jina la dada mkubwa, kwa heshima. "Alikwambia chochote Jumanne?"

Orozaliev alilamba kijiko taratibu. "Aliniambia, 'Mwenyekiti, kuna neno katika kifungu cha tatu linanisumbua, kesho asubuhi nitakueleza.' Nikamwambia maneno ni kazi yako, mama, kazi yangu kura."

"Nani alisikia?"

"Tulikuwa wanne mezani. Yeye, mimi, yule mwekezaji Daulet, na Daktari Zuura, mkuu wa hapa. Wabunge wengine basi lao lilikwama korongoni kwa ukungu huu. Kura ilikuwa iwe jana. Wameingia usiku wa kuamkia leo, kwa hiyo tunapiga saa tisa alasiri."

"Una nakala ya muswada?"

Alikuwa nazo mbili, moja ya Kirusi na moja ya Kikirgizi. Anarkul alisogeza bakuli, akazilaza bega kwa bega, akaanza kusoma kwa kidole kama alivyozoea kusoma maelezo ya mashahidi. Lugha mbili, sheria moja. Na mwishoni kabisa sentensi inayosema kwamba penye mgongano yatafuatwa maandishi ya Kikirgizi.

Kirusi kilisema: kasino itapokea raia wa nchi za nje peke yao.

Kikirgizi kilisema: kasino itapokea wageni peke yao. Na chini yake, kwa herufi ndogo: mgeni ni mtu asiye mkazi wa wilaya ambamo kasino imejengwa.

Anarkul alisoma mara mbili. "Mwenyekiti, kwenu wapi?"

"Naryn. Kwa nini?"

"Basi hapa wewe ni mgeni. Kwa maandishi haya unaingia mlango wa mbele, unacheza mpaka unavua koti. Na mimi wa Karakol vilevile. Nchi nzima ni wageni, isipokuwa vijiji hivi vichache vya hapa."

Orozaliev alivuta karatasi. Alisoma midomo ikitikisika. Rangi ilimtoka usoni kuanzia kwenye paji.

"Hukuisoma hii?"

"Tunasoma ya Kirusi," alisema. "Sote. Ya Kikirgizi tunamwachia mfasiri." Akairudisha karatasi mezani. "Nikisimama leo nikasema kuna kosa, wapinzani watasema ni ulaghai, muswada umekufa. Nisiposema, nimewadanganya wale kina mama wote. Mtafute huyo mama, Kapteni. Mtafute kabla ya saa tisa."

Daulet Kenzhin, mwekezaji kutoka Almaty, walimkuta kwenye ukumbi wa bwawa la kuogelea, amekaa kando ya bwawa tupu na michoro ya jengo mapajani. Vigae vya sakafu ya bwawa vilichorwa samaki wa bluu. Kwa unyevunyevu uliokuwa humo walionekana wanaogelea.

"Nilikuwa nawasubiri," alisema. "Sanatoria nzima imeshaamua kwamba mimi ndiye nimemtupa mama wa watu majini. Leo uji wangu umeletwa bila siagi."

"Jikoni kwetu hiyo ni hukumu ya mwanzo," alisema Dooronbek.

Anarkul alibaki amesimama. "Neno limebadilishwa kwenye muswada. Likipita lilivyo, raia wetu wataingia kasino yako. Nani anayefaidi kama si wewe?"

Daulet alizikunja karatasi zake. "Nimeendesha kasino nchi tatu, Kapteni. Mwenyeji akipoteza, kesho mama yake yuko mlangoni kwangu analia. Keshokutwa ni kina mama mia. Mwaka wa tatu serikali inafunga na mimi naondoka na meza zangu mgongoni. Mgeni akipoteza anakwenda kulia kwao. Mimi nataka watu wa kulia mbali."

"Watakuja miezi mingapi hao wa mbali?"

"Juni, Julai, Agosti. Kasino itakaa katika mabawa matupu ya hapa, na tanuri nitalilipia mimi; Septemba nalizima, nafunga milango. Ndivyo mpango ulivyo, na mwenyekiti anajua, na daktari anajua." Alionyesha kwa kidevu madirisha meupe. "Huku wakati wa baridi aje nani? Watu wa mji mkuu ndio wangekuja, kila Ijumaa, mwaka mzima. Anayewataka hao ni mtu anayetaka tanuri liwake mwezi wa Januari. Sio mimi."

Anarkul aliandika sentensi hiyo kwenye daftari kama ilivyosemwa.

Tanuri la kupashia maji lilikuwa nyuma ya jengo. Na huko ndiko alikokuwa Daktari Zuura Kalmatova, amevaa koti jeupe juu ya sweta, kiganja chake kimelala juu ya bomba kubwa kama mtu anayempima mtoto homa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na chini ya macho yake palikuwa na weusi.

"Makaa yatatufikisha Desemba," alisema kabla hajaulizwa. "Baada ya hapo nitawafunika watu mablanketi na kuwaimbia."

"Unamfahamu Burulkan eje siku nyingi?"

"Tulikaa dawati moja miaka kumi. Mama yake alikufa mikononi mwangu, ghorofa ya pili pale, chumba cha kona."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumanne, baada ya chakula. Alikuwa anatoka. Koti, kitambaa, buti. Nikamwambia kuna baridi, akasema anataka kusikia ziwa." Alitoa kiganja kwenye bomba akakitazama. "Halali vizuri siku hizi."

"Bwana Daulet anasema Septemba atazima hili tanuri."

"Bwana Daulet ni mfanyabiashara."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi ni daktari. Nitafanya linalowezekana." Akafunga vifungo vya koti. "Mniwie radhi, wodi ya usingizi inanisubiri. Saa sita lazima niwape dawa."

Wodi ya usingizi ilikuwa ghorofa ya tatu. Watu walikuja kutoka mbali kwa ajili yake tangu enzi za zamani, wenye mishipa iliyochoka na vichwa visivyotulia. Walilazwa usingizi wa mchana kutwa, siku kumi, wakaamshwa saa kumi alasiri wapewe chakula. Sanatoria nzima iliongea kwa kunong'ona kwa ajili yao.

Chumba cha Burulkan kilikuwa ghorofa ya kwanza. Kamusi tatu, kalamu za risasi zilizochongwa vizuri, chupa ya manukato. Dooronbek alipiga goti kwa shida, akachungulia chini ya kitanda. Akatoa jozi ya buti za ngozi, manyoya ndani, tope kavu kwenye visigino.

"Ana jozi nyingine?"

Anarkul alikwisha kumwuliza dada wa usafi. "Hizi tu."

"Basi daktari kaona buti zikienda kutembea peke yao, halafu zikarudi zenyewe kitandani."

"Aliyechukua koti na kitambaa alisahau miguu," alisema Anarkul. Alikaa kwenye kiti cha mfasiri. "Mama alikuwa na malapa. Hakutoka nje ya jengo hili. Na kama yu hai yuko bawa lenye joto, maana kwingine kote humu maji yanaganda kwenye glasi."

"Vyumba mia na kitu. Tuanze kugonga?"

"Hapana. Tuanze jikoni. Mtu aliye hai ana mahitaji, na mahitaji yote ya humu yanapita jikoni."

Mpishi aliitwa Kalipa, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu. Alikuwa akikata maboga na hakuacha kukata walipoingia.

"Wodi ya usingizi unapeleka masinia mangapi, mama?"

"Sita. Jioni, wakiamka."

"Na jana?"

"Sita, binti yangu. Na juzi sita." Kisu kilisimama. "Ila chupa za maji ya moto ni saba."

"Chupa gani?"

"Za kuweka miguuni. Mtu akilala sana miguu inapoa. Kila mgonjwa na chupa yake, natia maji mimi mwenyewe. Tangu jana daktari anachukua saba. Nikamwuliza, Zuura eje, umeongeza mgonjwa? Akasema mmoja ana baridi zaidi ya wenzake."

Anarkul na Dooronbek walitazamana.

"Mimi huyo mama mfasiri nasikia naye uchungu," aliendelea Kalipa. "Jumatatu nilimpelekea chai. Nikamwambia, asante, dada, kwa kutuandikia sheria ya kuwazuia watoto wetu. Mwanangu Ermek ile michezo ilimchukua zamani hizo, akaenda Urusi, sijapata hata salamu. Nilimwambia tu hivyo. Chai hakuinywa. Akaiangalia mpaka ikapoa, machozi yanamtoka. Sijui nilimkosea nini."

"Hukumkosea kitu, mama," alisema Anarkul. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Walipanda ngazi bila kukimbia, kwa sababu ya wale waliolala. Mlango wa wodi haukuwa umefungwa. Ndani, mapazia ya bluu yaligeuza mchana kuwa kitu cha chini ya maji. Kifaa kidogo cha mbao kiligonga tik, tak, polepole kuliko moyo, na watu sita walilala chali, nyuso zimelegea, wakipumua karibu pamoja. Dooronbek alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Mwisho wa chumba palikuwa na pazia la kusimama, na nyuma yake kitanda cha saba.

Burulkan Mambetova alikuwa mweupe kama mto alioulalia. Daktari Zuura alikaa kando yake, vidole vimeshika kifundo cha mkono wake. Mezani palikuwa na sindano iliyojazwa.

"Ondoka hapo, Daktari."

"Ngoja kidogo. Nahesabu." Midomo yake ilitembea. "Tisa. Pumzi tisa kwa dakika. Jana zilikuwa kumi na mbili."

"Umempa nini?"

"Wanachopewa wote humu. Dozi moja, Jumanne. Alale, kura ipigwe Jumatano asubuhi, aamke, agombane nami, basi. Tumegombana mara nyingi maishani." Alisema kwa sauti ileile ya kunong'ona. "Halafu basi likakwama. Ukungu ndio uliompa dozi ya pili."

"Wewe ndiye uliyempa."

Zuura aliachia kifundo cha mkono wa Burulkan. Kifaa cha mbao kiligonga mara tano, sita.

"Ndiyo," alisema. "Mimi."

"Na hiyo sindano?"

"Ya saa sita. Nimeijaza mara mbili leo na kuimwaga mara mbili. Hii ni mara ya tatu, nimekaa nayo, mkono hautaki."

Anarkul aliichukua, akampa Dooronbek. Alikwisha kuwapigia simu hospitali ya Karakol tangu ngazini, na jibu lilikuwa kwamba kwa barabara ilivyo gari lingechukua saa tatu au zaidi. Katika jengo lile palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kumrudisha mtu kutoka usingizi ule.

"Mwamshe," alisema.

"Utaniacha nimguse?"

"Nitasimama hapa. Kila unachofanya, taja kwanza."

Ilichukua zaidi ya saa mbili. Zuura alitaja dawa, akachoma. Akataja dripu, akabadilisha. Akafungua dirisha, baridi nyeupe ikaingia na kukaa kitandani. Alimsugua nyayo na viganja. Alimwita. Kwanza kwa jina lake lote, halafu kwa jina la utotoni, Buka, Buka, kengele imelia, mwalimu kaingia. Anarkul alihesabu pumzi kwa saa yake. Tisa. Kumi. Kumi na tatu. Saa nane na robo Burulkan alifungua macho, akamtazama rafiki yake kwa muda mrefu kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Leo Jumatano?"

"Alhamisi," alisema Anarkul.

"Wamepiga kura?"

"Bado."

"Nipeni maji. Na mniinue."

"Buka, moyo wako haujakaa sawa," alisema Zuura. "Usiinuke."

"Wewe nyamaza," alisema Burulkan, bila hasira, na akaanza kutafuta malapa kwa miguu.

Saa tisa na dakika chache Dooronbek alisukuma kiti cha magurudumu kuingia ukumbi wa mikutano. Wabunge kumi na mmoja waligeuka. Burulkan alikuwa amefungwa mablanketi mpaka kidevuni, na nywele zake, zilizokosa kitambaa, zilisimama pembeni. Mlangoni, nyuma ya chombo kikubwa cha chai, Kalipa alisimama na vikombe mikononi.

Orozaliev alikuwa ameshika nakala zote mbili. Alizitazama, akamtazama mfasiri, akakohoa. Anarkul aliona dhahiri kwamba alikuwa akijaribu kuamua, na kwamba hata sasa hajaamua. Hakupewa nafasi.

"Kifungu cha tatu kwa Kikirgizi ni cha uongo," alisema Burulkan. Sauti yake ilikuwa nene, ulimi mzito. "Kirusi kinasema raia wa nchi za nje. Kikirgizi kinamfanya kila mmoja wenu mgeni. Mkipitisha leo, mnafungua mlango kwa nchi nzima."

Minong'ono ilipita mezani. Mbunge mmoja wa kusini, mwenye ndevu nyeupe, ambaye alikuwa akiupinga muswada tangu siku ya kwanza, aliinuka nusu. "Nani alibadilisha, mama? Taja jina. Mwekezaji?"

"Mimi."

Mzee alikaa tena kwenye kiti chake.

"Rafiki yangu aliniomba. Angeniomba figo ningempa, basi kaniomba neno, nikaona ni kitu kidogo. Ni kwa ajili ya nyumba hii, isizimwe wakati wa baridi. Sikupewa chochote. Lakini mkono ulioandika ni huu, na nilijua nilichokuwa naandika." Aliutoa mkono nje ya blanketi, akaurudisha. "Andikeni kwenye kumbukumbu. Na andikeni vizuri, maana mfasiri wenu hana kazi tena kuanzia leo."

Mzee wa kusini alimgeukia mwenyekiti. "Nawe, Jyrgalbek, hukusoma?"

Orozaliev aliziweka karatasi mezani. "Sikusoma," alisema. Kisha akaongeza, "Naondoa muswada. Utarudi mezani, utasomwa kwa lugha zote mbili, kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya kina mama wenyewe. Mkitaka kunifukuza uenyekiti, mnifukuze hapohapo mbele yao."

Daulet Kenzhin, aliyekuwa amekaa nyuma, alikunja michoro yake, akaifunga kwa mpira, akatoka bila kuaga mtu. Mlangoni alipishana na Kalipa. Mpishi alikuwa ameweka vikombe chini. Alitembea mpaka kwenye kiti cha magurudumu, akasimama mbele ya Burulkan, na kwa muda hakuna aliyejua angefanya nini. Alimtazama tu. Kisha akamfunika blanketi lililokuwa limeteleza begani, akarudi kwenye chai yake.

Anarkul alimkuta Zuura koridoni ghorofa ya tatu, kwenye benchi, chini ya ulinzi wa muuguzi aliyekuwa akilia kuliko mfungwa.

"Ameondoa?"

"Ameondoa."

Zuura aliitikia kwa kichwa taratibu. "Na Buka?"

"Bado amelewa usingizi, ila maneno anayo. Gari la hospitali limefika, wanampima. Ataandikiwa shitaka la kughushi. Wewe utaandikiwa la kumzuia mtu na kuhatarisha uhai wake. Huenda na zaidi, daktari wa Karakol akisema."

"Sawa."

"Simama, twende."

Zuura alisimama, lakini hakutembea. "Kapteni, saa ngapi?"

"Kumi kasoro dakika tano."

"Kuna watu sita humo ndani. Lazima waamshwe saa kumi, kila mmoja kwa namna yake. Kuna mwenye shinikizo la damu, ukimshtua anaweza kupooza. Muuguzi hajawahi kufanya peke yake." Alinyoosha mikono mbele, vifundo vikiwa pamoja. "Nifunge kama unataka. Nitawaamsha na pingu."

Dooronbek alitazama dari. Anarkul aliitazama mikono ile, kisha akaitazama sakafu iliyosuguliwa mpaka ikawa nyembamba katikati.

"Muuguzi atakuwa pembeni yako," alisema. "Aangalie kila kitu. Ajifunze."

Wakaingia kwenye ule mwanga wa bluu. Zuura alisimamisha kifaa cha mbao kwa kidole, na ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko chumba. Alikwenda kitanda cha kwanza, akainama, akataja jina. Alimwekea mtu huyo kiganja kifuani, akangoja, akataja tena. Macho yakafunguka. Akaenda cha pili. Huyo alimshika sikio. Cha tatu, alisogeza pazia upana wa vidole vitatu, akaacha mwanga umfikie polepole. Kila mara alimgeukia muuguzi na kumweleza kwa nini, na muuguzi alijipangusa pua na kuitikia.

Nje ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka, na kipande cha ziwa kilionekana, kijivu, kimetulia.

Wa mwisho alikuwa mzee aliyestaafu reli, masharubu yamelala upande mmoja. Alikaa kitandani, akapiga miayo, akawaona watu wawili wenye sare wamesimama mlangoni na hakuwashangaa. Pengine alidhani ni sehemu ya mambo ambayo bado hayajamwisha kichwani.

"Nimelala vizuri sana, Daktari," alisema. "Kesho tena?"

"Kesho tena, mzee," alisema Zuura, akimnyooshea kola ya kanzu. "Ila atakuja huyu binti kukuamsha. Mzoee."